Dume gani ampande jike wako? Madume wa mbegu wa Njoro na Nakuru kabla ya vita vya 1914

Tuseme mwaka ni 1910, uko Njoro, katika Bonde la Ufa karibu na Nakuru, na una farasi jike mmoja. Ana miaka sita, mpole, miguu mizima, na tangu juzi anainua mkia kila akipita karibu na farasi wengine. Joto lake la kutaka dume halitazidi siku saba hivi, na likipita itabidi usubiri mzunguko mwingine wa siku 21. Majirani wana madume, na kila mwenye dume anamsifu wake. Umpeleke kwa nani?

Swali hili lilikuwa la walowezi, maana farasi walikuwa mali yao, kama ardhi nayo ilivyokuwa imegeuzwa mali yao baada ya mkataba wa 1904 uliowahamisha Wamaasai kutoka bondeni kwenda Laikipia. Lakini aliyeshika kamba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na mara nyingi saisi ndiye aliyejua dume yupi anauma, yupi mvivu, na yupi mtoto wake wa mwaka jana alizaliwa na goti lililopinda. Ninaandika kana kwamba uamuzi ni wako na wa saisi wako, kwa sababu simulizi nyingi za farasi wa enzi ile humsifu dume kwa mbio na sura tu, kana kwamba Njoro ni Uingereza. Uingereza hakuna usubi wa namna ile.

Usubi kwanza, dume baadaye

Maradhi ya farasi ya Afrika ni ya virusi, na virusi hivyo hubebwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayeuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mwaka 1910 habari ya usubi ilikuwa bado haijathibitishwa. Ithibati ilipatikana Afrika Kusini mwaka 1944. Walowezi wengi walishuku umande na ukungu wa usiku, na kosa hilo liliwafaa. Aliyeogopa umande alifungia farasi wake bandani kabla ya jua kuzama, akawatoa majani yakishakauka, basi akamkwepa usubi bila kumjua. Wengine walichoma samadi mlangoni ili moshi ujae banda. Nao ulisaidia, kwa sababu ambayo hawakuijua.

Farasi mgeni akiambukizwa, katika 100 hufa kati ya 70 na 95. Katika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mlipuko wa 1854 na 1855 uliua farasi wapatao 70,000. Kuna namna inayoshika mapafu, farasi akafa anatokwa povu puani. Kuna namna inayoshika moyo na kuvimbisha kichwa. Juu ya jicho la farasi pana kishimo ambacho kidole gumba kinaingia vizuri. Saisi makini hupitisha kidole hapo kila asubuhi, kabla hata ya kutoa maji. Kishimo kikiwa tupu, kazi inaendelea. Kikiwa kimejaa na kutuna kama mto mdogo, anakwenda kumwamsha mwenye farasi.

Sasa uje kwenye sifa utakayoisikia kwa kila mwenye dume: "Huyu wangu aliugua akapona." Farasi aliyepona alikuwa na bei kubwa, tena kwa haki, kwa sababu hafi ovyo. Ila kinga ile ni ya damu yake mwenyewe, haishuki na mbegu. Tena virusi vina aina tisa. Kupona aina moja si kupona zote. Ukitozwa zaidi kwa sababu dume amepona, ujue unalipia maisha marefu ya dume wa mwenzio, mtoto wako hapati chochote.

Anayempa mtoto kinga ni mama. Jike aliyekwisha kupambana na ugonjwa huweka kinga katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na mtoto akiyanyonya katika saa za mwanzo analindwa kwa miezi kadhaa. Jike aliyeshuka melini juzi hana cha kumpa. Kwa hiyo kabla hujamwuliza jirani habari za dume wake, jiulize jike wako ametoka wapi.

Mwingereza na Mwarabu, bega kwa bega

Nitawaita madume kwa nchi zao ili tusipotezane.

Mwingereza ni farasi wa mbio, yule ambaye nasaba yake imeandikwa kitabuni London tangu 1791. Kwa upande wa baba, wote hurudi kwa madume watatu waliotolewa Mashariki kwenda Uingereza katika karne za 17 na 18. Basi huyo Mwarabu anayedharauliwa na mwenye Mwingereza ni babu wa farasi huyo huyo. Jambo hili ni zuri kulikumbuka mkiwa mnapatana bei.

Wasimamishe wawili hawa uani. Mwingereza ana sentimita 157 hadi 170 begani, miguu mirefu, ngozi nyembamba kiasi kwamba mishipa inaonekana. Mwarabu ana 145 hadi 155, mgongo mfupi, mkia juu, macho makubwa. Ukimtazama Mwingereza akipiga shoti utasahau ulichokuja kufanya. Ndiyo maana nasema usimtazame akikimbia kwanza. Inua kwato. Kwato za Mwarabu kwa kawaida ni ndogo na ngumu. Za Mwingereza mara nyingi ni pana na ukuta wake mwembamba, zinadai chuma na fundi wa kupiga chuma, na fundi huyo labda yuko Nakuru.

Chakula nacho. Mwingereza akikosa nafaka mbavu zinahesabika ndani ya mwezi. Mwarabu atalalamika kidogo, kisha atakula majani. Katika hili Njoro ina neema yake ya ajabu: mlowezi Lord Delamere alipewa hapa ekari 100,000 mwaka 1903, akaona kondoo na ng'ombe wake wakidhoofika kwenye majani yaliyopendeza macho. Udongo wa sehemu za Nakuru una upungufu wa kobalti, na mnyama anayecheua huumia sana kwa hilo. Farasi hacheui, na malisho hayo hayo hayamdhuru.

Kisha kupe. Dume aliyeshuka Mombasa majuzi hajawahi kukutana na homa ya kupe, na inaweza kumlaza wiki chache baada ya kufika, wakati ule ule jike wako anapotaka dume. Farasi aliyezaliwa hapa huumwa na kupe akiwa mdogo, akazoea. Kati ya Mwingereza mwenye jina kubwa aliyefika mwezi uliopita na Mwingereza wa jina dogo aliyezaliwa hapa hapa bondeni, mimi ningekwenda kwa huyo wa pili bila kuuliza mara mbili.

Wengi huogopa kumpa jike mdogo dume mrefu, wakidhani mtoto atamkwama mama. Hofu hiyo imetiwa chumvi. Mwaka 1938 watafiti wa Cambridge walichanganya farasi wakubwa wa kuvuta mizigo na wale wafupi kabisa wa visiwa vya Shetland, kwa njia ya kupandikiza mbegu, ikaonekana kuwa ukubwa wa mtoto anapozaliwa hufuata zaidi tumbo la mama. Mtoto wa mama mkubwa alikuwa na uzito kama mara tatu ya mtoto wa mama mdogo, ingawa mchanganyiko wa damu ulikuwa ule ule. Kinachoshinda kwa jike mfupi ni tendo lenyewe la kupanda, na hilo linatatuliwa kwa kumsimamisha jike juu ya kituta. Lakini pia usitegemee kwamba dume mrefu atakupa farasi mrefu kutoka kwa mama wa sentimita 130.

Mwarabu si mgeni kwa watu wa pwani. Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alipotuma meli ya Sultana mpaka New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi za rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Kwa Njoro, Mwarabu ni dume wa kuzaa farasi wa kutembea: wa kuzunguka mipaka ya shamba kutwa nzima na kurudi akiwa bado anasikiliza. Akiwa mweupe au kijivu, angalia chini ya mkia na kuzunguka mdomo kama kuna vinundu vyeusi. Wengi wa farasi wa kijivu huvipata uzeeni. Kijivu hicho hakitokei hewani, lazima mzazi mmoja awe nacho. Basi kama hupendi farasi wa kijivu, usimpeleke jike kwa dume wa kijivu halafu ukalalamika.

Nani bora? Kama lengo ni mbio za Nairobi, chukua Mwingereza na usijidanganye na mwingine. Kwa mambo mengine yote ya kupanda na kusafiri, Mwarabu. Wapo watakaosema changanya: jike wa Kiarabu, dume wa Kiingereza. Sina ugomvi nao, mradi dume awe mpole. Mtoto wa dume mkali ukimfundisha utatumia hasira zako zote na nusu ya zile za saisi.

Msomali na Mhabeshi

Hawa walishushwa na wafanyabiashara kwa miguu kutoka kaskazini, Usomali na Uhabeshi (Ethiopia), wakapita nchi kavu ambayo Mwingereza asingeimaliza. Ni wafupi, sentimita 125 hadi 140. Wanakula kidogo, wanakunywa kidogo, na safari yenyewe ilikwisha kuwachuja: mdhaifu hakufika. Kwa hiyo ukimwona dume wa Kisomali amesimama Nakuru, ana cheti ambacho hakikuandikwa na mtu.

Kasoro ni kwamba humjui babake wala mamake, na umri wake inabidi uusome mdomoni. Vishimo vyeusi vya meno ya mbele ya chini hufutika kati ya miaka 6 na 8. Zaidi ya hapo unakisia, na muuzaji atakusaidia kukisia upande wake. Kwa jike mrefu mwenye miguu dhaifu, Msomali huleta mtoto mwenye miguu ya kazi. Kwa jike ambaye naye ni mfupi, utapata farasi wa mtoto wa shule. Farasi wa mtoto pia anauzika, lakini ujue mapema kwamba ndiye unayemtafuta.

Dume ambaye si farasi

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapopita haraka. Mpe jike wako punda dume upate nyumbu. Nyumbu huyu ni yule wa kwenye Biblia, mnyama wa kubeba mizigo. Yule wa Mara anayevuka mto hana uhusiano na habari hii.

Farasi ana kromosomu 64, punda 62, nyumbu 63, na kwa hesabu hiyo isiyogawanyika sawasawa nyumbu ni tasa. Ukichagua punda umechagua kufunga ukoo wa jike wako kwa mwaka huo. Kwa mwenye jike mmoja hiyo ni gharama kweli. Lakini rudi kwenye usubi: pale ambapo farasi 70 hadi 95 wanakufa katika 100, nyumbu hufa kama 50, na punda wa Afrika huambukizwa wakaendelea kula kana kwamba hakuna kitu. Katika orodha nzima hii, ni hapa tu ambapo uchaguzi wa dume unabadilisha kweli uwezekano wa mtoto kuishi.

Punda nao si mmoja. Punda wa Kimaasai, wa kijivu mwenye msalaba mweusi mabegani, yupo kila mahali na hagharimu kitu, ila ni mdogo, na nyumbu wake atakuwa wa mizigo ya mgongoni. Punda wa Maskati, mkubwa, wa rangi nyeupe, aliyekuwa kipando cha matajiri wa Zanzibar na pwani, huzaa nyumbu wa kutandikwa na wa kuvuta gari. Kumpata na kumpandisha kwa treni mpaka Nakuru ndiyo kazi. Ukisikia jirani anaye, usisubiri.

Muulize mwenye punda swali moja kabla ya jingine lolote: amekua na nani? Punda dume aliyelelewa na punda wenzake mara nyingi hatamtaka farasi jike. Utasimama uani saa mbili, jike yuko tayari, punda anatazama ukuta. Aliyekua pamoja na watoto wa farasi huwataka. Na kwa kuwa ni mfupi, jike huteremshwa kwenye shimo la kina cha goti, punda akabaki juu. Kwa mtu asiyezoea, mambo haya yanachekesha. Punda hana haraka, na saisi anayemharakisha anaharibu siku.

Nyumbu ana hatari moja ambayo watu wa wakati ule waliiona bila kuielewa. Mtoto huzaliwa mzima, anasimama, ananyonya, halafu baada ya siku moja au mbili anageuka manjano na kufa. Damu ya mama imejenga silaha dhidi ya damu ya mtoto, na silaha hizo zimo katika ile ile dang'a. Hutokea kwa farasi pia, ila kwa nyumbu zaidi, na kwa kawaida si katika mimba ya kwanza. Jike aliyewahi kupoteza nyumbu kwa namna hiyo, mrudishe kwa farasi.

Punda milia, kwa kuwa mtauliza

Waliuliza nao. Punda milia hafi kwa maradhi ya farasi, yuko bondeni kwa maelfu, bure. Mbona asiwe dume? Uskoti, mtafiti wa wanyama James Cossar Ewart alimpandisha punda milia dume kwa majike wa farasi, na chotara wa kwanza alizaliwa 1896. Wajerumani walijaribu kufuga punda milia karibu na Kilimanjaro, na upande wa Waingereza majaribio yalifanyika Naivasha. Nairobi, Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika 1900, aliwazungukia wagonjwa wake akiwa amempanda punda milia.

Kwa hiyo inawezekana. Ila daktari mmoja kwenye barabara tambarare si shamba. Punda milia dume anauma na haachii upesi, anapiga teke kwa shabaha, na mgongo wake haukuumbwa kwa tandiko. Chotara naye ni tasa kama nyumbu, bila upole wa nyumbu. Mwenye dume wa namna hii atakuonyesha picha. Itazame, msifu, uende zako.

Kuhusu madume wakubwa wa Kiingereza na Kiskoti wa kuvuta jembe sina mengi: huku jembe lilivutwa na maksai, mara nyingi 16 kwenye mnyororo mmoja, na maksai akifa unakula nyama.

Siku ya kumwona

Nenda asubuhi, bila jike. Mwombe saisi wa pale amtembeze dume aje kwako, kisha aende, mwendo wa kawaida tu, kwenye ardhi ngumu. Sikiliza kabla ya kutazama: hatua nne zinazolingana. Pitisha mkono nyuma ya mguu wa mbele, kutoka goti hadi kisigino. Joto mahali pamoja ni jeraha linalofichwa. Hesabu kende, ziwe mbili na zimeshuka. Kisha omba kuona watoto wake. Dume mwenye sifa nyingi na asiye na mtoto hata mmoja wa kuonyesha katika wilaya nzima, hiyo ni habari tosha. Uliza pia majike wangapi wanangoja; dume mzima anaweza kuhudumia kama 40 katika msimu, kijana wa miaka mitatu awe na wachache sana.

Mapatano yawe hivi: sehemu ya ada sasa, iliyobaki mtoto akisimama na kunyonya. Anayekataa sharti hilo hamwamini dume wake, basi nawe usimwamini.

Siku ya kumleta jike, msikimbilie. Asimamishwe upande wa pili wa boriti nene, dume aletwe amnuse. Jike asiye tayari atalaza masikio na kupiga teke boriti mpaka itikisike, na afadhali boriti kuliko kifua cha dume wa watu. Aliye tayari atasimama, atasogeza mkia pembeni, atakojoa kidogo. Rudi naye kesho kutwa, kisha siku ya 21. Akipiga teke siku hiyo, huenda ameshika.

Kama ningekuwa mimi mwenye jike huyu wa miaka sita, na jirani mmoja ana punda wa Maskati aliyekua na farasi, ningempeleka huko mara hii ya kwanza, wakati hatari ya damu ni ndogo, nipate nyumbu wa kazi. Mwaka unaofuata ningempeleka kwa Mwarabu aliyezaliwa hapa hapa, nipate jike wa kuendeleza ukoo.

Huku karibu na ikweta majike wengi hutaka dume mwaka mzima, kwa hiyo mwezi unauchagua wewe. Farasi hubeba mimba miezi 11, mwenye mimba ya nyumbu huzidisha siku chache. Usubi huwa wengi mvua za masika zikishanyesha. Jike akipandwa Aprili, mtoto wa farasi anazaliwa Machi, na dang'a ya mama aliyekwisha kuugua inamvusha miezi ile mibaya. Ubaya wake ni kwamba Aprili ndiyo barabara ya Njoro haipitiki kwa matope, na ukichelewa kwa jirani jioni inakukuta njiani. Basi ondokeni asubuhi umande ukianza kukauka, saisi asikubali chai ya pili, na jike awe bandani kwake, mlango umefungwa na moshi unafuka, kabla jua halijagusa ukingo wa Mau.